Nani Atamdhamini Asiye na Dini?



Mwezi Machi 1970 Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, na miongoni mwa walioalikwa kuzungumza alikuwapo mwandishi kijana ambaye vitabu vyake wakati huo vilitoka kwa jina la James Ngugi. Alianza kwa kuwaambia wajumbe kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Kisha akaeleza kwa kirefu jinsi kanisa la kimisionari lilivyokwenda bega kwa bega na ukoloni, na jinsi lilivyomfundisha Mwafrika kuyaonea haya mambo yake mwenyewe. Alipomaliza, mzee mmoja aliinuka akitetemeka kwa hasira, akatikisa bakora yake kuelekea kule mbele na kumtaka msemaji atubu papo hapo. Tena akamkumbusha kwamba hilo jina lake, James, ni la Kikristo. Mwandishi hakutubu. Baadaye aliliacha jina hilo, na dunia ikamfahamu kama Ngũgĩ wa Thiong'o hadi alipofariki Mei 2025. Hotuba yenyewe imo katika kitabu chake cha mwaka 1972, Homecoming, na anayetaka kuelewa habari za dini na jamii katika nchi zetu ingemfaa kuisoma. Lakini leo ninamtazama zaidi yule mzee. Msemaji alikuwa ameleta hoja za historia, na mzee hakugusa hata moja. Alichouliza kwa bakora yake ni jambo jingine kabisa: wewe ni nani, ni wa nani, na ukishatoka kwetu nani atajua umekuwa mtu wa namna gani?

Swali hilo ndilo mada yangu. Ninalikabili nikiwa mtu niliyebatizwa, nikafundishwa katekisimu na kulelewa ndani ya kanisa, na ambaye leo siamini kwamba Mungu yupo. Sikuja kumshawishi yeyote aache kuamini. Ubishi wa kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu umekula karne nyingi na hautakwisha jioni hii. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba shaka tuliyo nayo juu ya mkanamungu haimhusu sana Mungu; inahusu udhamini. Yeyote aliyewahi kukopa katika kikoba au SACCOS anaelewa ninachosema: fomu yako inaweza kuwa imejazwa vizuri na hisa zako zikatosha, lakini bila mwanachama wa kukuwekea saini hupati kitu. Dini katika jamii zetu imekuwa ndiyo mwenye saini hiyo. Mgeni akihamia mtaani, akiomba chumba, akija kuposa, huulizwa mapema anasali wapi. Anayeuliza huenda mwenyewe haonekani kanisani wala msikitini isipokuwa sikukuu. Hana haja na theolojia ya mgeni. Anataka kujua kuna padri, mchungaji au shehe gani wa kumwendea mambo yakiharibika. Ndiyo maana mtu anaweza kuhama dhehebu mara tatu na bado akapangishwa chumba, ilhali anayesema wazi kwamba hana dini huambiwa arudi kesho.

Kwamba shaka hii ni kubwa, hilo halina ubishi. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani iliwauliza watu wa nchi 34 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe mwadilifu. Nchini Kenya, watu 95 katika kila 100 walisema ni lazima. Nigeria walikuwa 93. Uswidi walikuwa 9. Tanzania haikuwamo katika nchi hizo, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba jibu letu lingekuwa mbali na la majirani. Wala si Waafrika peke yao. Mwaka 2017 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti wa Will Gervais na wenzake, uliowahusu watu zaidi ya 3,000 katika nchi 13. Washiriki walisimuliwa habari za mtu aliyeanza utotoni kwa kutesa wanyama na ukubwani akawa anaua watu wasio na makazi. Halafu nusu yao waliulizwa swali lililotaja uwezekano kwamba mtu huyo ni mwalimu anayemwamini Mungu, na nusu nyingine swali lililotaja mwalimu asiyemwamini. Swali lilikuwa limetegwa, maana kuwa mwalimu na pia kuwa kitu kingine hakuwezi kuwa na uwezekano mkubwa kuliko kuwa mwalimu tu. Walionasa katika mtego walikuwa karibu maradufu pale muuaji alipotajwa kuwa haamini. Na matokeo haya yalionekana hata kwa washiriki ambao wao wenyewe hawamwamini Mungu. Hapo ndipo ninapowaomba mtulie kidogo. Ikiwa hata asiyeamini anamshuku asiyeamini mwenzake, basi shaka hii haitokani na mahubiri ya Jumapili pekee. Imeingia ndani zaidi, mahali tunapohifadhi woga wetu wa mtu asiye na wa kumjibia.

Woga huo una historia yake, nayo imetufikia kwa njia ya sheria. Mwingereza John Locke, katika barua yake maarufu ya mwaka 1689 iliyotetea uvumilivu wa dini, aliwatetea watu wa madhehebu mengi lakini akawaacha nje wanaomkana Mungu. Sababu aliyoitoa ni ya udhamini mtupu: ahadi, mikataba na viapo ndivyo vinavyoshikilia jamii, na asiyemwogopa Mungu hawezi kufungwa na kiapo. Karibu miaka 200 baadaye hoja hiyo ilipimwa ndani ya Bunge la Uingereza. Charles Bradlaugh, mkanamungu aliyejulikana na wote, alichaguliwa na watu wa Northampton mwaka 1880. Aliomba atoe uthibitisho badala ya kiapo, akakataliwa. Alipokubali kuapa akakataliwa pia, kwa kuwa kiapo chake kilionekana hakina maana. Alifungiwa usiku mmoja katika mnara wa Bunge, akavuliwa kiti, akagombea tena, wapiga kura wakamrudisha, na mambo yakaendelea hivyo hadi alipokubaliwa kukaa mwaka 1886. Miaka 2 baadaye sheria ya viapo ya 1888 ikampa kila mtu haki ya kuthibitisha bila kulitaja jina la Mungu. Kenya na Tanzania zilirithi misingi ya sheria hiyo, na leo mahakama zetu zinapokea uthibitisho. Jedwali la Tatu la Katiba ya Kenya ya 2010 linamruhusu hata rais kuthibitisha badala ya kuapa, Katiba hiyo hiyo ambayo utangulizi wake unautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Shahidi akidanganya baada ya kuthibitisha anashtakiwa sawa na aliyedanganya akiwa ameshika Biblia au Kurani. Sheria, kwa maneno mengine, ilikwishatafuta mdhamini mwingine: adhabu, ushahidi, kumbukumbu za maandishi na macho ya watu. Mioyo yetu ndiyo iliyobaki na Locke.

Basi tuipime dhamana yenyewe. Je, imani inatoa ulinzi tunaodhani inatoa? Chukueni 2 kati ya nchi nilizozitaja. Katika orodha ya rushwa ya Transparency International ya 2023, ambamo alama 100 ni usafi kamili, Uswidi ilipata 82 na Kenya 31. Tanzania ilipata 40. Sitaki mtu atoke hapa akisema mhadhiri amedai kwamba ukanamungu huondoa rushwa. Uswidi ni tajiri, ina mahakama zinazofanya kazi, ina magazeti huru na wafanyakazi wa serikali wanaolipwa vizuri, na mengi katika hayo yalijengwa na watu waliokuwa Walutheri wa dhati. Takwimu hizi haziwezi kuthibitisha kwamba kutoamini kunamfanya mtu awe mwema. Lakini zinatosha kabisa kuvunja lile neno "lazima". Nchi ambamo watu 9 tu katika 100 wanaona imani kuwa sharti la uadilifu haijageuka pango la wanyang'anyi, na nchi ambamo ni 95 haijapona wizi wa mali ya umma.

Liko pia jambo zito zaidi, na liko jirani. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Kikristo kuliko zote barani: karibu Wanyarwanda 9 katika kila 10 walijiandikisha kuwa Wakristo. Mauaji ya kimbari yalipoanza, waliokuwa wakiwindwa walikimbilia makanisani, kwa sababu katika mauaji ya miaka ya nyuma kanisa liliwahi kuwa kimbilio. Safari hii makanisa yakawa machinjio. Nyamata, kusini mwa Kigali, kanisa limehifadhiwa kuwa kumbukumbu. Nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi waliyokuwa wakikalia waumini, na kitambaa cha altare bado kina madoa ya damu. Walioua walikuwa wamebatizwa sawa na waliouawa. Wengine walikuwa wakisali pamoja Jumapili kwa Jumapili. Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji hayo, mapadri na watawa wakiwamo. Haki inanidai niseme upande wa pili pia: walikuwapo Wakristo waliowaficha watu darini na mashimoni, na walikuwapo Waislamu wa Rwanda waliosifiwa kwa kuwakinga majirani zao. Wengine waliokoa kwa sababu ya imani yao, na sina haki ya kuwanyang'anya sababu hiyo. Nisemalo ni hili tu: mtu aliyesimama mlangoni Aprili 1994, akitafuta kujua nani atamfungulia na nani atamwita mwuaji, asingesaidiwa chochote na kujua jirani anasali wapi.

Hapa muumini ana jibu, na ni jibu la haraka: hao hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo hilo lilisikika kote Kenya mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Lilikuwa limesikika Uganda pia mwaka 2000, mamia ya waumini walipoteketea na kuuawa huko Kanungu. Mimi jibu hili silikatai. Nalikubali lote, kisha namwomba msemaji aangalie alichokifanya. Mhubiri anayewafungisha watoto hadi wafe ana Biblia mkononi, anataja jina la Yesu, ana waumini, ana aya za kuonyesha. Kwa alama zote za nje ni Mkristo. Wewe unamkatalia kwa sababu gani? Kwa sababu ya matendo yake. Umeona mtoto amekufa njaa, ukajua papo hapo, bila kusubiri tafsiri ya aya yoyote, kwamba jambo hili ni ovu, na kwamba dini inayoliamuru imepotoka. Kipimo ulichokitumia kuipima dini ile hakikutoka ndani ya dini ile. Ulikuwa nacho tayari. Ni kipimo kile kile alicho nacho jirani yako asiyeamini, aliyeona picha zile zile na kulia vile vile. Mkristo anayesoma vizuri kitabu chake ataona jambo hili haliko mbali naye: mfano wa Msamaria mwema ni sifa kwa mtu wa dini isiyotakiwa, na katika Injili ya Mathayo wanaotengwa kulia na kushoto siku ya hukumu wanaulizwa nani alilishwa, nani alivikwa, nani alitembelewa gerezani.

Mpinzani wangu mwerevu atasema: na wale waliotawala bila Mungu je? Hoja hii ni ya kweli na wakanamungu wengi huikwepa kwa aibu. Stalin alifunga makanisa na misikiti na kuwaua mapadri kwa maelfu. Enver Hoxha aliitangaza Albania mwaka 1967 kuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na Mungu, na kusali nyumbani kukawa kosa. Karibu nasi zaidi, utawala wa Derg nchini Ethiopia, uliojiita wa Kimarx, ulimwaga damu ya vijana mitaani Addis Ababa, na Julai 1979 ukamteka na kumwua Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus, mtu aliyekataa kuikimbia nchi ingawa alijua yanayomngoja. Simkingii kifua hata mmoja wa watawala hao. Kwa kweli wao ni ushahidi wangu. Kama imani si dhamana, kutoamini nako si dhamana, na anayedhani kuacha dini kunamfanya mtu kuwa na akili safi na moyo mweupe anarudia kosa la yule anayedhani kubatizwa kunatosha. Derg na watawala wa Albania walifanya lile ambalo Locke aliliruhusu, ila waliligeuza upande: walimfanya raia adhaminiwe na asichokiamini. Anayetaka kuwalinda waumini na mambo kama hayo anahitaji kanuni ile ile inayomlinda asiyeamini, yaani serikali isiyopekua dhamiri ya mtu. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inasema Jamhuri haina dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa mawazo na imani pamoja na haki ya kubadili dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inafanana nayo. Ni kinga moja, na imewekwa kwa ajili ya wote.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti kubwa zaidi, na ndilo linalowanyamazisha vijana wengi: kwamba ukanamungu ni jambo la Wazungu, Mwafrika hakuumbiwa. Anayesema hivyo huwa na John Mbiti mkononi, hata kama hajamsoma. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, alishikilia kwamba dini imepenya maisha yote ya Mwafrika, na kwamba kujitenga na dini ya jamii ni kujitenga na jamii yenyewe. Lakini mwaka mmoja tu baadaye alijibiwa, na aliyemjibu hakuwa Mzungu. Okot p'Bitek, mwana wa Waprotestanti wa Gulu aliyeuacha Ukristo, alidai kwamba wasomi Wakristo waliichukua miungu ya Afrika wakaivika sifa za Mungu wa wanafalsafa wa Kigiriki: muweza wa yote, mjuzi wa yote, asiye na mwanzo. Kwa maoni yake Waacholi, watu wake, hawakuwa wakihangaika na muumba wa ulimwengu. Walihangaika na maradhi, ukame, ugumba na bahati mbaya, na mizimu na matambiko yao yalikuwa njia ya kukabili hayo. Simwungi mkono Okot katika kila jambo. Nadhani alikuwa na haraka ya kuwasemea Waafrika wote kwa kinywa cha Waacholi. Hata hivyo, mjadala wao unaonyesha kwamba hapakuwahi kuwa na Mwafrika mmoja mwenye imani moja. Na tukikubali kwamba cha kigeni hakifai kwa sababu ni cha kigeni, itabidi tumwulize mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na wale waliojenga misheni ya Bagamoyo kuanzia 1868, walikuja na nini. Ukristo ulikuja kwa meli na ukawa wetu. Mashaka hayana haja ya meli, maana yanaweza kuzaliwa katika kijiji chochote, mbele ya kaburi la mtoto.

Mbiti, hata hivyo, aliona jambo moja kwa usahihi mkubwa kuliko wapinzani wake, nalo linahusu gharama. Anayeacha dini kwetu haonekani ameacha fikra. Anaonekana ameacha watu. Fasihi yetu imelibeba hilo. Euphrase Kezilahabi, aliyesomeshwa katika seminari za Kikatoliki, alituletea katika Kichwamaji ya 1974 kijana msomi, Kazimoto, anayeona maisha hayana maana na kumtilia Mungu shaka, na riwaya inakwisha kwa kijana huyo kujiua. Ni riwaya kubwa, na sitaki kuihukumu kwa kipimo kidogo. Lakini msomaji wa kidato cha tano anayeifunga anabaki na somo ambalo mtaa ulikwishampa: anayepoteza imani hupotea mwenyewe. Mahali pengine jamii humsaidia apotee. Mubarak Bala wa Nigeria alipouacha Uislamu, ndugu zake walimpeleka hospitali ya Kano mwaka 2014 akafungiwa wodi ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2022 mahakama ilimhukumu miaka 24 jela kwa maandishi yake ya mtandaoni, na alitoka Januari 2025 baada ya rufaa kupunguza adhabu. Kenya haijafika huko. Hata hivyo mwaka 2016 chama cha wakanamungu kilichokwisha kusajiliwa mwezi Februari kilisimamishwa miezi michache baadaye, viongozi wa dini walipolalamika, kwa hoja ya kulinda amani na utulivu.

Matokeo yake ni kwamba hatujui tuko wangapi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 922,128 wasio na dini. Ya 2019 ikahesabu 755,750, asilimia 1.6 tu, ingawa idadi ya watu nchini iliongezeka kwa mamilioni. Wapo watakaosema hii inathibitisha kwamba watu wanarudi kwa Mungu. Mimi nasema tazameni jinsi jibu linavyopatikana. Karani wa sensa anafika jioni, kishikwambi mkononi, anaketi sebuleni na mkuu wa kaya. Anauliza majina, umri, elimu, halafu dini. Baba anajibu "Wakatoliki" kwa kaya nzima, na karani anaandika hivyo kwa mtu mmoja mmoja, pamoja na binti wa miaka 24 aliyeko chumba cha pili ambaye hajaulizwa. Hata angekuwapo, angesema nini mbele ya baba yake na mgeni wa serikali? Tanzania tuliacha kuuliza dini katika sensa baada ya ile ya 1967, na nadhani tulifanya vyema, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Ila bila hesabu, kila upande hudai wingi kwa kubahatisha. Kwa hiyo sitadai kwamba tuko wengi. Nadai kwamba hata tungekuwa wachache sana, haki ingekuwa ile ile.

Mkazo mkali kuliko wote hautoki serikalini wala kwa shehe. Unatoka msibani. Anayelegea kiimani huambiwa: na ukifa, nani atakuzika? Katika parokia nyingi za Kikatoliki swali hili lina makali ya kweli, kwa kuwa asiyeonekana kwenye jumuiya ndogo ndogo na asiyelipa zaka anaweza kuzikwa bila padri, na ukoo mzima ukaibeba aibu hiyo. Hapa lazima niseme wazi kwamba ukanamungu hauna kitu cha kuweka mezani kinacholingana na kile dini inachotoa. Pale nyumba inapofiwa, watu wa jumuiya hufika usiku huo huo na maturubai, sufuria na nyimbo. Waislamu huiosha maiti, huivika sanda na kuizika kabla jua halijazama mara mbili, na hitima ikafuata. Sisi tulioacha dini tumesoma vitabu vingi na hatujajifunza kuzika. Wanaotukejeli kwa hilo wana haki. Vilevile tuna deni kwa kazi ambayo hatukuifanya: Bugando pale Mwanza na KCMC pale Moshi, hospitali 2 zilizofunguliwa mwaka 1971, zimesimama kwa jasho la waumini, na zinamtibu Mwislamu, Mkristo na asiye na dini. Mkanamungu anayedharau yote hayo kwa sababu ya maneno ya katekisimu hajatazama vizuri alikotoka.

Hata hivyo, kutoka kwenye ukweli huo hakufuati kwamba maturubai na sufuria vina masharti ya imani. Mwaka ule ule wa 1970, miezi michache baada ya Ngũgĩ kutishiwa bakora Nairobi, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa akihudhuria misa kila siku alipoweza, aliwahutubia watawa wa Maryknoll kule New York. Aliwaambia kwamba kanisa lisiloshiriki uasi dhidi ya mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litakuwa halina maana kwa watu hao. Aliyeacha Ukristo na aliyeushika walilipima kanisa kwa kipimo kimoja katika mwaka mmoja. Wangekutana wangebishana sana juu ya Mungu, lakini juu ya njaa wasingebishana. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kazi ya pamoja inawezekana bila mmoja kumgeuza mwenzake.

Ninayo maombi machache. Mapadri, wachungaji na mashehe, mnayo mamlaka makubwa msibani kuliko mahali pengine popote. Msiyatumie kuwatisha walio hai. Makarani wa mahakama, mwambieni shahidi, kabla hajanyoosha mkono, kwamba uthibitisho upo na hauna aibu. Wazazi, mtoto akisema haamini tena, msimfukuze mezani wala msimpeleke kuombewa kwa nguvu. Mwulizeni anachokiona, kisha mtazameni anavyoishi na wadogo zake. Na wewe kijana uliyekaa humu ukiwa na jambo hili kifuani, toa mchango wa msiba, fika kuchimba kaburi, kesha na mgonjwa, lipa deni lako siku uliyoahidi. Majirani waliokuona ukifanya hivyo kwa miaka ndio wadhamini wako, na siku utakapoulizwa unasali wapi, wakujibie wao. Ninawaomba wote mliomo humu mkubali dhamana hiyo.